Tambi za ufuta zinazotia ulimi ganzi: nilivyobonyeza namba 4 Hiroshima

Kipilipili (mleta uzi)

Wakuu, kwema?

Huu ni mwaka wangu wa pili Hiroshima kimasomo na sijawahi kufungua uzi wa chakula. Kusema kweli, miezi sita ya mwanzo nilikuwa naishi kwa wali, mayai na samaki wa kopo. Ila kuna kitu kimenipata, na nikikinyamazia mtaniita mchoyo.

Kuna chakula kinaitwa tantanmen. Ni tambi za ngano (siyo zile za Idi zenye sukari na iliki, msije mkanichanganya), chini yake kuna rojo ya ufuta uliosagwa na mafuta ya pilipili, juu nyama ya kusaga, majani ya vitunguu, na unga fulani wa kahawia. Huo unga ndio kesi yenyewe. Hapa Hiroshima wanapenda ile isiyo na supu, wanaiita shirunashi.

Duka lenyewe liko kichochoroni. Viti vinane, kaunta moja, mpishi amesimama mbele yako kama kinyozi. Wanauza hicho kitu kimoja tu. Hakuna kuuliza leo kuna nini.

Mlangoni kuna mashine ya tiketi: unaingiza hela, unabonyeza kitufe, inatema kikaratasi, unampa mpishi. Mimi nilikuwa na noti mpya ya yeni 1,000, zile zilizotoka Julai 2024 zenye sura ya mwanasayansi Kitasato. Mashine ikaitema. Nikainyoosha kwenye paja, nikaingiza tena, ikatema tena. Nyuma yangu watu wanne wamesimama kimya, kile kimya cha huku ambacho hakuna aliyekulaumu lakini unajiona mkosaji. Mzee mmoja akachomoa noti ya zamani, tukabadilishana, hakusema neno.

Sasa vitufe vya ukali. Sifuri mpaka nne. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia kwenye achari na pilipili mbuzi, nikajiambia hawa watu wa wasabi watanifanya nini? Nikabonyeza 4. Mpishi akaisoma tiketi, akaniangalia, akaninyooshea vidole vinne. Nikaitikia kwa kichwa. Akaninyooshea tena. Nikaitikia tena.

Ukutani pameandikwa: changanya mara 30 au zaidi. Jirani yangu alikuwa anachanganya kama anasonga ugali, midomo inahesabu. Mimi nikazungusha vijiti kama mara saba hivi, njaa imenikaba, nikaanza.

Za juu zilikuwa kavu kavu, ladha ya ufuta kwa mbali. Nikasema mbona kawaida? Nikashuka katikati, pilipili ikaja. Hiyo tunajuana, tukasalimiana. Baada ya kama dakika moja midomo ikaanza kutetemeka. Haikuwa kuwasha, wakuu. Ilikuwa kutetemeka, kama vile utotoni ulivyokuwa unalamba betri ya redio kujua kama bado ina moto. Kutoka hapo ganzi, ncha ya ulimi kwanza, kisha pembeni, kisha fizi. Nikanywa maji. Maji yakawa na chumvi na ukakasi wa ndimu! Nikayatazama kwenye glasi, meupe tu, ya bomba. Nikajua leo nazikwa ugenini.

Mpishi akacheka kidogo, akanipa ganda moja la kile kitu kiganjani. Dogo kama punje ya mtama, jekundu la kutu, limepasuka kama kinywa kilichoachwa wazi, mbegu hamna. Nikalinusa: harufu ya ganda la chungwa unapolimenya.

Nilimaliza bakuli. Kisha nikaiga wenzangu, nikaagiza kibakuli cha wali nikakimwaga kwenye rojo iliyobaki, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanapanga foleni kwenye baridi. Nimesharudi mara nne ndani ya wiki mbili. Anayekijua hiki kitu aje atupe darasa.

---

Ubishi Mtupu

Yaani umepanga foleni, umelipa, ili upigwe ganzi? Mimi juzi nimeng'oa jino, ganzi ilikuwa ndani ya bei.

---

Mfamasia Mstaafu

Mleta mada, hujalishwa sumu. Nakueleza taratibu.

Pilipili tunayoijua sisi inawasha kwa sababu ya kapsaisini. Hiyo inagusa mishipa ya fahamu ile ile inayopokea joto, ndiyo maana mtu anasema "mdomo unaungua" wakati hamna moto. Hicho kiganda chako ni kitu kingine. Wachina wanakiita huajiao, Wajapani wanasoma kasho. Si ndugu wa pilipili mbuzi wala wa pilipili manga. Kiko katika ukoo wa michungwa na ndimu, na harufu uliyoinusa ndiyo hiyo.

Ndani yake mna kemikali inaitwa sanshuli. Hiyo haiamshi joto pekee, inaamsha mishipa inayopokea mguso na mtetemo. Mwaka 2013 watafiti wa London walifanya jambo la kuchekesha: wakawapaka watu huo unga mdomoni, halafu wakawawekea kifaa kinachotetemeka kwenye kidole, wakawaambia walinganishe kasi. Jibu likaangukia kwenye mitetemo 50 hivi kwa sekunde. Umeme wa nyumbani kwetu nao ni mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa hiyo uliposema betri hukukosea sana, ila ungesema soketi.

Wachina wana maneno mawili yaliyoungana, mala. Ma ni ganzi, la ni ukali. Wanavitenganisha, nasi tunapaswa kuvitenganisha. Mtu anaweza kumudu la yote ya duniani na bado ma ikamwangusha, kama ilivyokuangusha wewe mtoto wa Tanga.

Halafu kuna jambo mmelisahau. Mnaujua mjafari? Mti wa miiba yenye vitako kama vifundo kwenye shina. Ule ni wa jenasi moja na huyo huajiao, Zanthoxylum. Bibi zetu walikuwa wanatutafunisha gome lake jino likiuma, na ulimi ukafa ganzi vile vile. Msidhani ganzi ya mdomoni imeanzia Uchina.

---

Kipilipili (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo. Mjafari! Marehemu bibi alikuwa na kipande kwenye kikopo cha maziwa ya unga, cha kikohozi. Nilikuwa nakikimbia. Leo nakilipia yeni mia nane na ushei.

---

Dalali wa Yokohama

Nipo huku mwaka wa 14, biashara ya magari. Kijana unafurahisha, ila umeanzia mwisho wa hadithi. Mimi kwangu tantanmen ni ya supu, hiyo yenu kavu ni chakula cha haraka haraka cha wanafunzi.

Historia iko hivi. Asili ni Sichuan, Uchina. Neno dandan linatokana na mti wa kubebea mizigo begani, mzigo huku na mzigo huku. Sisi tunao, mzegazega, ule wa wauza maji wa zamani. Mchuuzi alibeba upande mmoja jiko na sufuria, upande wa pili tambi na viungo, anapita mtaani akiita wateja.

Aliyeleta Japani kwa jina ni mpishi wa Sichuan, Chen Kenmin. Alifika mwaka 1952, na mwaka 1958 akafungua mgahawa wake Tokyo, Shisen Hanten. Akaona Wajapani wamezoea tambi zinazoogelea. Akaongeza supu, akazidisha ufuta uliosagwa, akapunguza ukali. Ndiyo hiyo bakuli ya rangi ya chungwa unayoikuta nchi nzima. Huyo huyo ndiye aliyewazoesha Wajapani mapo tofu (tofu ya soya kwenye mchuzi mkali), na mwanawe Chen Kenichi akawa maarufu kwenye mashindano ya mapishi ya televisheni. Pale Otsuka, Tokyo, kuna duka la rameni (tambi za supu za huku) linaitwa Nakiryu, lilipata nyota ya Michelin, ile tuzo ya migahawa bora, kwenye toleo la 2017, na bakuli lililolipa jina ni hiyo hiyo tantanmen. Ya supu, naomba niweke msisitizo.

---

Kipilipili (mleta uzi)

Mkuu, umejifunga mwenyewe. Mtu anatembea na mzegazega, supu angeibebea wapi? Ikimwagika njiani je? Asili ni kavu. Hao wa Hiroshima walichofanya ni kuirudisha kwao. Huku wanakitaja Kisaku, duka lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwamba ndilo lililowasha moto, na sasa mji mzima una maduka ya shirunashi, wenyeji wanabishania lipi bora kama sisi tunavyobishania Simba na Yanga.

Halafu supu inaua ganzi. Nimejaribu ya supu Osaka: nzuri, laini, inapasha tumbo, lakini midomo haikutetemeka hata kidogo. Ile kavu kila uzi wa tambi umepakwa. Ndiyo maana ya zile mara 30. Ufuta na mafuta viko chini, unga uko juu, usipochanganya unakula tambi tupu kwanza halafu unazama kwenye shimo. Yaliyonikuta.

---

Dalali wa Yokohama

Hapo kwenye mzegazega nimekosa jibu, nakiri. Ila msidhani zote zina ufuta. Nenda Katsuura, mkoa wa Chiba, mji wa wavuvi. Tantanmen ya pale tangu 1954 haina ufuta kabisa: supu ya soya, mafuta ya pilipili mekundu mpaka huoni tambi, na vitunguu maji vilivyokatwakatwa. Ilipendwa na wavuvi na wale kina mama wapiga mbizi, wakitoka baharini wanatetemeka. Kawasaki nako wana yao ya mayai na vitunguu saumu, nayo haina ufuta. Nilipoenda Katsuura ilikuwa Februari, gari la mteja limeniharibikia njiani, mikono haishiki spana. Bakuli moja tu, nikavua koti.

---

Bint Mkunazini

Assalaam alaykum. Mmeeleza mengi na hiyo nyama ya kusaga mmeipita kama hamuioni. Nyama ya nini?

---

Kipilipili (mleta uzi)

Waalaykum salaam dada. Nguruwe. Nilipaswa kusema tangu mwanzo, niwie radhi. Na si nyama tu, yale ya supu mara nyingi mifupa yake nayo ni ya nguruwe au imechanganywa na kuku, na baadhi ya maduka wanatia shahamu kwenye rojo. Duka langu mimi halina njia ya kukwepa.

---

Mama Aisha wa Saitama

Dada Bint Mkunazini, ipo njia. Ndani ya stesheni ya Tokyo, ukishavuka mageti ya tiketi, kuna T's TanTan. Hawatumii nyama, samaki, maziwa wala mayai. Nyama yao ya kusaga ni ya soya. Uwanja wa ndege wa Narita nao wapo. Mume wangu, ambaye chakula bila nyama kwake ni kitafunio, alimaliza bakuli la ufuta mweupe akageuzia macho langu.

Ila jihadhari na jambo moja. Kutokuwa na nyama si sawa na kuwa halali. Huku mirin na sake, pombe za mchele, vinaingia kwenye viungo vingi, na mpishi mwenyewe havihesabu kama pombe, kwake ni kama siki. Ukiuliza "ina pombe?" atakwambia hapana kwa moyo safi kabisa. Uliza kwa majina: mirin? ryorishu (sake ya kupikia)? Mimi nina kikaratasi nimeandikiwa Kijapani, nawaonyesha, wanakisoma wawili wawili, mmoja anaingia jikoni kukagua chupa. Wanahangaika mpaka unaona aibu.

---

Bint Mkunazini

Ahsante sana, Mungu akulipe. Kumbe hata siki yao ina ushahidi wake.

---

Mkulima wa Kusini

Nimesoma kimya kimya toka juu, sasa niseme. Nyie mnabishania supu, mimi nauliza ufuta unatoka wapi?

Nipo Nachingwea. Ekari sita, mbegu ni Ziada 94, ile nyeupe waliyotuletea watafiti wa Naliendele. Tunapanda Januari, Februari mvua ikikaa sawa. Kuanzia Mei unaanza kulala shambani, maana ufuta hausubiri mtu: chini vibweta vimekauka, juu bado maua. Ukiwahi unavuna mapepe, ukichelewa unapasuka wenyewe na ardhi inavuna badala yako. Tunakata, tunafunga matita, tunayasimamisha kama watu wanaoteta. Yakikauka unalibeba tita polepole kama mtoto aliyelala, unaligeuza kichwa chini juu ya turubai, unaligonga. Sauti yake ni mvua ya rasharasha. Ukiteleza njiani, mavuno yamekwenda.

Kisha mzigo unaenda chama cha msingi, stakabadhi ghalani, mnada. Pale tunasikia tu "mnunuzi anapeleka nje". Mara Uchina, mara Japani. Mnunuzi wa Japani wanasema ni mkali kwenye dawa: mabaki ya kiuatilifu yakionekana, mzigo unakataliwa. Sasa ndiyo naambiwa humu kwamba unakwenda kutengenezwa rojo na mtu anahesabu mara 30?

---

Kipilipili (mleta uzi)

Kaka, hii imenigusa. Ni kweli, Japani wanaagiza karibu ufuta wote wanaokula, wa kwao ni wa kuhesabu. Na Tanzania ipo kwenye nchi wanazonunua sana, pamoja na Nigeria, Burkina Faso na Msumbiji.

Leo nimekwenda mchana makusudi, duka likiwa tupu. Kwa Kijapani changu cha kuokoteza nikamuuliza mpishi, goma (ufuta) hii ya wapi? Akatoa kopo kubwa la ufuta uliosagwa, tukaligeuza wote wawili. Limeandikwa limetengenezwa Japani, basi. Lakini akachota kijiko akanipa mkavu, bila pilipili. Wakuu, ukiacha ule moto wote pembeni, ni kashata. Kashata ya ufuta iliyosahauliwa sukari. Nikamwonyesha Lindi kwenye ramani ya simu, nikapitisha kidole bahari yote mpaka Kobe. Akasema "tooi", mbali. Kisha akauliza: wenyewe mnaulaje?

---

Mkulima wa Kusini

Ukamjibuje? Maana sisi wenyewe tunauza wote, tunanunua mafuta ya mawese dukani.

---

Kipilipili (mleta uzi)

Nilimwambia kashata na mkate wa ufuta. Hilo la mawese sikulifikiria.

---

Mpwani wa Kongowea

Huku Mombasa sisi ni simsim. Nataka kupika hii kitu kwa nyumba, leteni namna yake wacheni siasa.

---

Kipilipili (mleta uzi)

Haya ndugu, hivi ninavyofanya bwenini na inakubali.

Kaanga simsim kwenye sufuria kavu, moto mdogo, unakoroga muda wote. Zikianza kurukaruka na kunukia, epua, usingoje ziwe kahawia maana zitakuwa chungu. Twanga au saga zikiwa za moto, ongeza mafuta kidogo kidogo mpaka iwe kama siagi ya karanga iliyolegea. Vijiko viwili vya hiyo, kimoja na nusu cha sosi ya soya, nusu cha siki, sukari kiduchu. Hiyo ndiyo rojo, inakaa chini ya bakuli.

Mafuta ya pilipili: pasha mafuta ya kula na kitunguu saumu na tangawizi mpaka vibadilike rangi, vitoe, acha mafuta yapoe kidogo ndipo umwagie kwenye pilipili ya kusaga. Ukimwaga ya moto sana pilipili inaungua na nyumba nzima mtakohoa. Nimeshapigiwa mlango na jirani.

Tambi za rameni zina unyumbufu wake kwa sababu unga unakandwa na maji ya magadi, wao wanayaita kansui. Ukikosa, chemsha spageti nyembamba na kijiko kidogo cha soda ya kupikia kwa kila lita ya maji, zitabadilika rangi ziwe za njano na kunata kidogo. Angalia zisifurike, povu lake ni jingi. Nyama ya ng'ombe ya kusaga inafaa kabisa, ikaange mpaka ikauke.

Ganzi sasa. Huajiao tafuta kwenye maduka ya Wachina, yapo miji mikubwa. Chambua mbegu nyeusi uzitupe, hazina ladha na zinakwaruza kama mchanga. Kaanga maganda sekunde chache, saga wakati ule ule. Unga wa jana umeshakufa.

---

Ubishi Mtupu

Nikitumia mjafari je?

---

Mfamasia Mstaafu

Mjafari ni dawa, na gome lake ni chungu. Usiweke kwenye chakula cha familia kwa sababu umesoma uzi. Tafuna kipande kidogo, tema, utapata picha ya ganzi yenyewe. Kisha ukanunue huajiao.

---

Ubishi Mtupu

Nimetafuna. Mzee naomba radhi kwa bandiko langu la kwanza. Siusikii ulimi na nina kikao saa nane.

---

Kipilipili (mleta uzi)

Nimecheka mpaka nimeshikilia kaunta. Naandikia hapa hapa dukani. Wameleta mashine mpya ya tiketi, noti ya Kitasato imepita mara ya kwanza. Nimebonyeza namba 2. Mpishi kaiangalia tiketi, kaniangalia, kaninyooshea vidole viwili, na nimeitikia mara moja tu. Nimefika mara ya kumi na tisa kuchanganya, nawajibu nikimaliza.